MAONI: Dawa ya 'who' na 'which' iko ndani ya 'ambaye' na 'ambacho'

Kuna sentensi ambayo ukiisema mbele ya watu hapa mjini, lazima mtu acheke: "The lady who I gave her my CV has not called."

Mmoja atasema Kizungu kilikuja na meli. Mwingine atapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Watu watacheka mpaka jioni, na aliyeandika atanyamaza kwenye kundi kwa wiki nzima.

Kicheko hicho ndicho ninachokipinga leo. Sikipingi kwa sababu sentensi iko sawa. Haiko sawa, kwa kuwa hilo 'her' halifai kuwa hapo. Ninakipinga kwa sababu wanaocheka hawajui kosa lenyewe limetoka wapi, na anayechekwa haelezwi. Anaambiwa tu kwamba hajui Kizungu, basi.

Hebu iseme sentensi hiyo kwa Kiswahili: "Mama niliyempa CV yangu hajapiga simu." Litazame neno 'niliyempa'. Limebeba mambo matano. 'Ni' ni mimi, 'li' ni wakati uliopita, 'ye' ni kirejeshi kinachoturudisha kwa yule mama, 'm' ni huyo huyo mama aliyepewa, na 'pa' ni kitendo chenyewe. Hiyo 'm' ni ya lazima. Ukisema 'niliyepa', hata mtoto wa chekechea atakuuliza unasema nini.

Kwa hivyo kijana aliyeandika 'who I gave her' hakuandika ovyo. Alifuata sheria, ila ni sheria ya lugha nyingine. 'Who' yake ni 'ye', na 'her' yake ni 'm'. Alihamisha jengo zima la Kiswahili, na Kiingereza hakina nafasi ya 'm' hiyo. Kwa Kiingereza, 'who' ikishasimama kwa niaba ya yule mama, kazi imekwisha. Huwezi kumtaja tena mwishoni.

Msimamo wangu ni huu: si Kiswahili kinachotuharibia virejeshi vya Kiingereza. Kinachotuharibia ni kufundishwa lugha hizi mbili kana kwamba haziishi ndani ya kichwa kimoja. Tukionyeshwa mahali zinapokutana na mahali zinapoachana, 'who', 'which', 'that' na 'whose' hazitatusumbua tena.

Si mambo ya shule pekee

Najua kuna atakayesema, "Bana, hayo ni mambo ya darasani, sisi tulishamaliza." Ngoja kidogo.

Anayejiandaa kwa KCSE anajua Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza ina kifungu chenye mapengo ya kujaza, na Karatasi ya Pili ina sehemu nzima ya sarufi. Huko virejeshi havikosi kukutafuta.

Ukitoka shule, vinakufuata. Jaribu kuandika barua ya kuomba kazi bila kutumia hata kirejeshi kimoja. Utaandika wewe ni mhitimu ambaye amefanya hiki, una ujuzi ambao utasaidia kile, na uliwahi kufanya kazi mahali ambapo ulijifunza kadha wa kadha. Barua yote ni virejeshi. Na anayeisoma ana rundo la barua nyingine mezani. Anatafuta sababu ya kupunguza rundo, na 'who I gave her' ni sababu rahisi. Si haki, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Halafu kuna mkataba wa nyumba, notisi ya keateka, barua ya mkopo, masharti ya kazi. Nyingi ya karatasi hizi huandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi neno moja dogo kama 'who' ndilo linaloamua nani anahusika na nani hahusiki.

Yule ambaye simu yake iliibwa

Tuchukue kosa la pili, ndugu yake lile la kwanza. "I know a guy who his phone was stolen in town."

Kiswahili chake ni: "Namjua jamaa ambaye simu yake iliibwa tao." Unaona? 'Ambaye' imekuwa 'who', 'yake' imekuwa 'his'. Ni tafsiri ya neno kwa neno.

Kiingereza kina neno moja linalomeza yote mawili: 'whose'. "A guy whose phone was stolen." Kwa hivyo kanuni ni nyepesi kabisa. Kila unapotaka kusema 'ambaye ... yake', 'ambao ... wao' au 'ambalo ... lake', andika 'whose'. Na usiogope kuitumia kwa vitu. "A company whose offices are in Westlands" ni sentensi safi, ingawa kampuni si mtu.

Mwalimu akiueleza mlingano huo ubaoni, darasa zima litaelewa. Lakini mara nyingi tunachopewa ni orodha ya maneno tukariri: 'who' ni ya watu, 'which' ni ya vitu, 'whose' ni ya umilikaji. Neno 'umilikaji' halimsaidii mtoto wa Kayole aliye na sentensi ya Kiswahili kichwani. 'Ambaye yake' litamsaidia.

Ngeli zetu ni ngumu kuliko 'who' na 'which'

Hapa ndipo ninapotaka vijana wainue vichwa. Kiingereza, kikirejelea nomino, kinauliza swali moja tu: ni mtu au si mtu? Ni mtu, 'who'. Si mtu, 'which'. Imeisha hiyo.

Kiswahili kinauliza ngeli. Ambaye, ambao, ambayo, ambalo, ambacho, ambavyo, ambazo. Mahali nako kuna matatu: ambapo pa mahali hasa, ambako kwa mahali pa jumla, na ambamo kwa ndani. Kisha unachagua kama utatumia 'amba' au O-rejeshi. Ukichagua O-rejeshi, lazima ujue inakubali wakati gani. Unaweza kusema 'aliyefika', 'anayefika' na 'atakayefika', lakini huwezi kuichomeka kwenye 'amefika'. Huko unarudi kwa 'ambaye amefika'. Kuna hata ile ya mwisho wa kitenzi, kama 'mtu asomaye'.

Mtu anayeweza kucheza na hayo yote, kweli 'who' na 'which' zitamshinda? Haziwezi. Ni vile hakuna aliyemwambia kwamba mchezo ni ule ule, tena uwanja ni mdogo.

Na hapa pia tuwatulize polisi wa sarufi mtandaoni. Wapo wanaomsuta kila anayeandika "the people that I work with", wakidai 'that' haifai kwa watu. Hiyo si kweli. 'That' imetumika kwa watu tangu Kiingereza cha zamani sana, na bado ni sahihi. Kwenye barua rasmi unaweza kuchagua 'who' kwa sababu inasikika kwa heshima zaidi, lakini hilo ni suala la adabu, si la sarufi.

Vilevile wapo wanaoshikilia kwamba 'that' na 'which' kamwe haziwezi kubadilishana. Sheria hiyo ilisukumwa sana na Mwingereza Henry Fowler, kwenye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyochapishwa 1926, na wahariri wa Marekani ndio walioishika kwa nguvu. Waingereza wenyewe wanaendelea kuandika "the book which I bought" bila wasiwasi. Kama mhariri wako anataka 'that', mpe 'that'. Lakini usimcheke mtu aliyeandika 'which'.

Hata mipaka ya 'who' na 'which' haikushuka kutoka mbinguni. Katika Biblia ya King James ya 1611, Sala ya Bwana inamrejelea Mungu mwenyewe kwa 'which'. Leo mwanafunzi akifanya hivyo kwenye insha atakatwa alama.

Kazi ambayo naomba

Kosa la tatu ni la barua za kazi, na linauma kwa sababu huonekana kwenye mstari wa kwanza: "The job which I am applying requires a diploma."

Kwa Kiswahili tunasema "kazi ninayoomba". Kitenzi 'omba' kimejitosheleza, hakihitaji msaidizi. Kwa Kiingereza, 'apply' inatembea na 'for', na huwezi kumwacha 'for' stejini. Kwa hivyo ni "the job which I am applying for", au ukitaka urasmi zaidi, "the job for which I am applying". Chagua moja. Wengine kwa hofu huweka 'for' mbili, mbele na nyuma, na hapo ni kama kulipa nauli mara mbili kwa matatu moja.

Ni hivyo hivyo kwa nyumba. "The estate which I live" ni "mtaa ambao naishi". Kiswahili chake kizuri ni 'mtaa ninamoishi', na hiyo 'mo' ndogo ndiyo inayokukumbusha kwamba kuna 'in' inayodaiwa: "the estate in which I live". Au tumia 'where', ambayo imeshabeba 'in' ndani yake: "the estate where I live". Ukisema "where I live in", umeingia ndani mara mbili.

Halafu kuna lile la mmoja kati ya wengi. Je, ni "one of the students who has passed" au "who have passed"? Hata watu wenye digrii hubishana. Lakini uliza Kiswahili: "Ni mmoja wa wanafunzi ambao wamefaulu." 'Ambao' inarudi kwa wanafunzi, na kitenzi kinafuata wingi. Kwa hivyo waandishi makini huandika 'have'. Ngeli ya Kiswahili imekupa jibu la Kiingereza bila kufungua kitabu.

Mahali ambapo Kiingereza kinatushinda

Nisije nikaonekana napigia debe upande mmoja. Kuna mahali Kiingereza kiko wazi kuliko Kiswahili.

Chukua sentensi hii: "Nimemwona msichana aliyempenda Otieno." Nani alimpenda nani? Msichana alimpenda Otieno, au Otieno alimpenda msichana? Kwa Kiswahili yote mawili yanawezekana, kwa sababu O-rejeshi inaruhusu mtendaji kukaa nyuma ya kitenzi, kama katika 'kitabu alichokisoma Juma'. Kwa mambo ya mapenzi, utata huo unaweza kuvunja urafiki.

Kiingereza hakikuachi hapo. "The girl who loved Otieno" ni msichana aliyependa. "The girl who Otieno loved" ni Otieno aliyependa. Mpangilio wa maneno unamaliza ubishi. Kwa Kiswahili, ukitaka uwazi huo, tumia 'amba': "msichana ambaye Otieno alimpenda."

Mpangilio huo huo unakufundisha ni lini unaweza kuiacha 'who' au 'that' kabisa. "The phone I bought" inakubalika, kwa sababu baada ya 'phone' kuna mtendaji mwingine, 'I'. Lakini "The phone fell yesterday is mine" haikubaliki, kwa sababu simu ndiyo iliyoanguka na hakuna mtendaji mwingine kati yake na kitenzi. Kiswahili hakiruhusu kuacha kirejeshi popote, kwa hivyo ukiwa na shaka, kiweke. Hutakosea.

Na 'whom' je? Usikose usingizi kwa ajili yake. Ikitanguliwa na kihusishi, iandike: "the person to whom I spoke". Kwingineko, hata wazungu wenyewe wameiacha ife polepole, wanasema 'who' na maisha yanaendelea.

Koma inayofukuza wapangaji

Sasa tufike pale ambapo kirejeshi kinaweza kukugharimu pesa. Fikiria notisi imebandikwa langoni mwa ploti: "Tenants who have not paid their rent will be locked out."

Umelipa tarehe tano, ujumbe wa M-Pesa unao. Unapita ukitabasamu. Notisi inawahusu wale tu ambao hawajalipa.

Sasa ongeza koma mbili: "Tenants, who have not paid their rent, will be locked out." Maana imegeuka. Sasa notisi inasema wapangaji wote hawajalipa, na wote watafungiwa, wewe ukiwemo. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni koma mbili.

Bila koma, kirejeshi kinachagua: kati ya wapangaji wote, ni hawa. Ukiweka koma, hakichagui mtu, kinaongeza tu habari kuhusu wote. Ndiyo maana 'that' haikai baada ya koma ya aina hiyo. Kazi ya 'that' ni kuchagua. Ukishaweka koma, tumia 'who' au 'which'.

Kiswahili kina jambo hilo hilo, ila ni nadra kusisitizwa. "Dada yangu ambaye yuko Mombasa ameolewa" inamaanisha nina dada zaidi ya mmoja, na nasema kuhusu yule wa Mombasa. "Dada yangu, ambaye yuko Mombasa, ameolewa" inamaanisha dada ni huyo mmoja. Tukizungumza, sauti hupumzika mahali pa koma na kila mtu anaelewa. Tukiandika, tunatupa koma kama chumvi.

Mtu ataniambia kuna programu za akili unde siku hizi, zitasahihisha. Ni kweli zitakuondolea lile 'her' la kwanza. Lakini programu haijui wapangaji wangapi hawajalipa kodi, wala haijui una dada wangapi. Koma hiyo ni uamuzi wako. Isitoshe, kwenye mahojiano ya kazi utaongea kwa mdomo wako mwenyewe.

Tunabomoa daraja tunalohitaji

Nimesema Kiswahili ndicho daraja. Lakini kuna tatizo: daraja lenyewe tunalibomoa.

Sikiliza tunavyoongea mtaani. "Msee mwenye alinipigia." "Kitu yenye nilinunua." "Watu wenye wako hapo." Hiyo 'mwenye' na 'yenye' imechukua kazi ya virejeshi vyote. Sisemi ni ujinga. Ina utaratibu wake, inaeleweka, na kwa stori za kijiweni haina shida. Lakini ukiwa huna nyingine zaidi ya hiyo, umepoteza ile 'ye', 'cho' na 'lo' ambayo ingekusaidia kuielewa 'who', 'which' na 'whose'. Kwa Kiswahili sanifu 'mwenye' ni wa kuwa na kitu: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye bidii. Anayepiga simu ni 'aliyenipigia'.

Wapo pia wanaojaribu usanifu wakazidisha: "mtu ambaye aliyefika". Ni 'ambaye alifika' au 'aliyefika', si zote mbili. Na wapo wanaoandika 'ambapo' kila mahali, hata pasipo na mahali wala wakati.

Kisha kuna njia ya pili ya uharibifu, ile inayotoka Kiingereza kuja kwetu. "Ameacha kazi, ambayo sio poa." Nini sio poa, kazi au kuacha? Kwa Kiingereza, 'which' inaweza kurejelea sentensi nzima: "She quit her job, which is not good." Kwa Kiswahili, kirejeshi kinahitaji nomino ya kushikilia, kwa hivyo tunampa moja: "Ameacha kazi, jambo ambalo si zuri." Vilevile "mtu ambaye nilikuwa naongea na" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwetu ni "mtu niliyekuwa nikiongea naye".

Unaona jinsi lugha zinavyopeana makosa? Anayemcheka mwenzake kwa 'who I gave her' halafu mwenyewe anasema 'mtu nilikuwa naongea na' amefanya kosa la aina moja. Tofauti ni kwamba la pili halichekwi. Kukosea Kiingereza ni aibu, kukosea Kiswahili ni swag. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu.

Walimu wakae meza moja

Ugonjwa huo una historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi za ukoloni walivyoadhibiwa kwa kuongea Gikuyu shuleni, na jinsi kifungo kilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto ili aliyenaswa ajulikane. Ukoloni uliisha, lakini wengi waliosoma miaka ya karibuni wanaijua 'diski' ya shuleni. Lugha ya nyumbani ilivuliwa langoni kama viatu vyenye matope.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Kwa sheria ziko sawa. Kwenye ratiba ya shule, zinapishana mlangoni bila kusalimiana. Mwalimu wa Kiswahili anafundisha 'amba' na O-rejeshi. Muhula mwingine, mwalimu wa Kiingereza anafundisha 'relative pronouns'. Mwanafunzi ni mmoja, kichwa ni kimoja, mada ni moja, na hakuna anayemwambia hivyo.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti ya serikali. Walimu hao wawili wakae meza moja chumba cha walimu, wapange mada hizi zifuatane wiki moja. Waandike sentensi moja ubaoni kwa lugha zote mbili, wachore mishale. 'Ye' iende kwa 'who', 'ambaye yake' iende kwa 'whose', 'm' ikatwe kwa kalamu nyekundu kwa sababu Kiingereza hakiihitaji. Mwanafunzi anayetoka Turkana au Kisii aongeze safu ya tatu ya lugha ya kwao, aone yenyewe inafanyaje.

Kuna wanaoogopa kwamba kutumia Kiswahili kwenye somo la Kiingereza kutazidisha kuchanganya. Lakini mchanganyiko tayari upo. Umo kwenye insha, kwenye barua za kazi, kwenye 'who I gave her'. Unaotokea gizani ndio unaoleta makosa. Ukiletwa mwangani, unakuwa somo.

Na wengine watasema lugha hubadilika, tuachane na sheria. Nakubali hubadilika, 'which' ya 1611 ni ushahidi. Ongea mtaani unavyotaka. Lakini mkataba hausomwi kwa lugha ya mtaani, na anayekupa kazi hatasubiri lugha ibadilike. Kujua usanifu hakukuondolei mtaa wako. Kunakupa mlango wa ziada.

Kwa walio nje ya shule, kazi ni yenu wenyewe. Chukua CV yako leo usiku. Piga mstari chini ya kila 'who', 'which', 'that' na 'whose'. Igeuze kila sentensi kwa Kiswahili na uulize maswali matatu. Je, nimeacha 'm' au 'ki' imejificha kama 'him', 'her' au 'it' mwishoni? Je, kuna 'ambaye yake' niliyoiandika 'who his'? Je, kitenzi changu kinadai 'for', 'in' au 'to' ambayo nimeisahau?

Na mwenzako akikosea kwenye kundi, usimpige picha ya skrini. Mwandikie pembeni umweleze kosa lake limetoka wapi. Dakika mbili tu zinatosha, na barua yake ya pili ya kazi itafika mezani bila lile 'her'.